Mume ananipiga ila sitaki afungwe, kuna njia nyingine ya kisheria? (Dodoma)

mama_wawili_nkh

Mbukwenyi jamani. Naandika kwa simu ya jirani yangu kwa hiyo nikikaa kimya siku mbili tatu msidhani nimedharau, nitarudi nisome yote.

Nina miaka 31, niko Dodoma mjini huku Nkuhungu, nimeolewa mwaka wa tisa huu, ndoa tulifunga kanisani na cheti kipo. Watoto wawili, mkubwa ana miaka 8 mdogo 4. Mume wangu ni fundi ujenzi na tangu serikali ihamie huku kazi hazimkatikii, kwa hiyo hela ya kula na ada ipo, sitamsingizia hapo. Tatizo ni kipigo. Kilianza nikiwa na mimba ya huyu wa pili, kibao kimoja tu, akalia akaomba msamaha mbele ya mama yake. Sasa hivi ni akilewa na hata asipolewa. Mwezi uliopita alinipiga na mwiko wa ugali mpaka ukakatika, nikabaki nimekaa chini naangalia kile kipande sakafuni, mwanangu mdogo akakiokota akanipa akaniambia mama umevunjika, kesho tutasongea nini. Yaani hapo ndo nikasema basi, maana nilimuona hashangai.

Polisi nilishaenda mwaka juzi, dawati la jinsia, nikafunguliwa RB, ile namba ya taarifa ya polisi, nikapewa na PF3, fomu ya polisi ya kutibiwa, nikatibiwa. Wakaja wakwe zangu usiku watu watano wamekaa sebuleni mpaka saa saba, wanasema unamfunga baba wa watoto wako, ada atalipa nani, nikaenda asubuhi nikasema nimesamehe. Kwa kweli hata sasa sitaki afungwe, watoto wanampenda na akifungwa ndugu zake watanitimua kwenye nyumba kesho yake.

Nyumbani kwetu ni Mvumi. Baba alipokea ng'ombe 12 na walishatoka kwenda kumwolea kaka yangu, kwa hiyo kila nikirudi naambiwa rudi kwako mwanangu, hao ng'ombe wakidaiwa tutawatoa wapi. Nyumba ina jina lake. Tuna shamba la zabibu Hombolo, lilikuwa pori alilopewa na baba yake kabla hajanioa, ila miche nimepanda mimi na kupogoa na kumwagilia ni mimi miaka yote.

Naombeni mnisaidie, kuna njia ya mahakamani ambayo sio ya kumfunga? Nipate amani, watoto nikae nao, na nisitoke mikono mitupu. Na hao ng'ombe ni kweli lazima warudi ndo nipewe talaka?

---

msaidizi_chamwino

Pole sana dada yangu. Mimi ni msaidizi wa kisheria huku Chamwino, sio wakili, kwa hiyo haya nayokuandikia ni ya kukufungua macho, ukitaka kufungua shauri tafuta mtu akae na karatasi zako mkononi.

Kwanza ng'ombe maana naona ndo wanaokufunga miguu. Ndoa haivunjwi kwa ng'ombe kurudi na haizuiliwi kuvunjwa kwa ng'ombe kutorudi. Anayevunja ndoa ni mahakama peke yake, na anachoangalia hakimu ni kama ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Ukatili, wa mwili au wa akili, umetajwa kabisa kwenye Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kuwa ni moja ya ushahidi wa ndoa kuvunjika. Na kifungu cha 66 cha sheria hiyohiyo kinasema wazi kuwa hata kama mila inaruhusu, hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Imeandikwa toka 1971 na bado huku vijijini nakutana na wazee wanaoniambia mke hachapwi bila sababu, kama vile kuna sababu.

Sasa njia zisizo za jinai. Huku bara hatuna sheria moja maalum ya ukatili wa majumbani ambayo unaenda siku hiyohiyo unapewa amri ya mume asikusogelee, ndo maana watu wanadhani ni polisi au ni kuvumilia. Lakini ndani ya Sheria ya Ndoa vipo vitu vingi tu ukivijua.

Unaweza kuomba kutengana bila kuomba talaka. Mahakama inatoa amri ya kutengana, mnabaki mume na mke kwenye cheti ila hulazimiki kuishi naye, na kwenye kutengana pia mahakama ina uwezo wa kugawa mali na kuamua watoto wakae wapi. Wengi hawajui hili, wanadhani mali ni mpaka talaka.

Unaweza kuomba matunzo peke yake, wewe na watoto, kama anakataa au anapuuza kutunza. Hii haihitaji talaka wala kutengana.

Shauri la ndoa likishafunguliwa, mahakama inaweza kutoa amri ya kumkataza asikufuate wala kukusumbua, na hata baada ya hukumu. Hii ndo inayokaribiana na unachokitaka wewe, amani. Akiivunja anakuwa amekaidi amri ya mahakama na hilo ni kosa jingine linalojitegemea.

Halafu kuna fidia. Sheria ya Ndoa inasema mume na mke wanawajibika kwa madhara wanayofanyiana sawasawa na watu ambao hawajaoana. Maana yake jirani akikuvunja mkono unaweza kumdai kwenye kesi ya madai, na mume hivyohivyo. Kawaida inafunguliwa mahakama ya wilaya na muda wake ni miaka 3 toka tukio. Sijaona wengi wakiitumia, na mimi inaniuma, maana gharama za hospitali na meno na siku ulizoshindwa kwenda kwenye biashara ni hela halisi.

Kesi uliyoifuta polisi isikuogopeshe. Jinai lazima ithibitishwe bila kuacha shaka, madai hakimu anapima maneno ya nani yana uzito zaidi. Na ile PF3 ya mwaka juzi bado ni ushahidi hata kama ulisamehe. Unayo nakala?

---

mama_kongwa

Dada nimesoma ya mwiko nikaweka simu chini kwanza.

Mimi nilipita huko, niko huru mwaka wa nne huu, acha nikueleze nilipokosea ili wewe usipoteze muda kama mimi.

Nilikosea kwenye baraza. Ukitaka talaka huendi mahakamani moja kwa moja, lazima kwanza shauri lipite Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, linaweza kuwa la kata au la dini, BAKWATA, baraza kuu la Waislamu, wanayo na makanisa wanayo. Mimi nilipewa barua na mwenyekiti wa kijiji, ina muhuri mzuri kabisa, imeandikwa hawa wawili wameshindikana, nikaenda nayo mahakamani nimeikunja kwenye leso. Hakimu akaisoma akanirudishia, akasema mama hii ni barua sio hati ya baraza. Nilikuwa nimetembea toka saa kumi alfajiri kuwahi gari. Kinachotakiwa ni hati ya baraza wenyewe wanaiita Fomu namba 3, inasema baraza limewasikiliza na limeshindwa kuwapatanisha, na isiwe imezidi miezi 6 toka itolewe mpaka unafungua shauri. Kuna mwanamke tulikuwa wote pale alishinda kesi chini, rufaa ikaja kufuta kila kitu kwa sababu hati ilikuwa na kasoro, akaanza upya. Kwa hiyo ukipewa hiyo fomu isome pale pale mbele yao, majina yako sawa, tarehe ipo, wamesaini, wameandika kwamba usuluhishi umeshindikana, kama wameandika tu "wanaruhusiwa kwenda mahakamani" warudishie waandike vizuri.

Na pale barazani watakubembeleza. Wangu walikuwa wazee wanne na mama mmoja, wakaniambia rudi umpikie, ongea naye kwa upole usiku. Mimi nikarudi. Nilirudi mara mbili. Mara ya tatu nikawaambia wazee wangu nawaheshimu, ila leo sijaja kupatanishwa nimekuja kuandikiwa. Yule mama akainuka akaja akanifunua kitenge begani mbele yao wote wakaona, hakuna aliyesema tena upole.

Mumeo asipotokea usikate tamaa. Wangu alipelekewa wito akauchana. Sheria inaruhusu kwenda mahakamani kama mwenzio ameitwa na baraza akakataa kwa makusudi, ila hakikisha baraza wanaandika kwamba aliitwa tarehe fulani na fulani na hakuja.

Kesi yenyewe nilifungua mahakama ya mwanzo na sikuwa na wakili. Kiswahili mwanzo mwisho, na tangu 2021 sheria imebadilishwa lugha ya mahakama ni Kiswahili hata huko juu, kwa hiyo usiogope kusimama mwenyewe. Niliulizwa ulichangia nini kwenye hii nyumba nikajibu mimi sikuwa na kazi, mume ndo alikuwa anafanya kazi. Jamani msijibu hivi! Yule hakimu alikuwa mwema akaniuliza nani alikuwa anampikia mafundi, nani alikuwa anachota maji ya kufyatulia tofali, nikasema ni mimi, akasema basi hiyo ndo kazi, ieleze.

---

msaidizi_chamwino

@mama_kongwa hapo umegusa penyewe. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani kwenye shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali, ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango kwenye mali za ndoa. Kabla ya hapo mahakama zilikuwa zinavutana, wengine wanasema mke aliyekaa nyumbani hajachangia chochote. Sasa hivi hakimu anaangalia mchango wa hela, wa mali au wa kazi, madeni ya familia na mahitaji ya watoto wadogo, akishapima hivyo anatakiwa aegemee kwenye usawa. Haina maana ni nusu kwa nusu kila siku. Ushahidi wa mchango wako ndo unaobeba.

Na hili shamba la Hombolo @mama_wawili_nkh usiliache hata kidogo. Watakwambia ni la ukoo, alipewa kabla ya ndoa. Sheria inasema mali ya mmoja aliyokuwa nayo kabla ya ndoa ikiendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake au na wote wawili wakati wa ndoa, inahesabika kwenye mali za kugawanywa. Pori limekuwa shamba la zabibu kwa mikono yako. Nani alikuuzia vikonyo vya miche, nani walikuwa vibarua wako, unauza kwa nani kila msimu, una daftari la mnunuzi? Shamba la jirani ni la nani, anaweza kusimama akasema nimemuona huyu mama miaka yote yuko na mkasi wa kupogolea na mwenye shamba haonekani? Huyo shahidi mmoja ana uzito kuliko maneno mengi.

Nyumba ya ndoa nayo, hata kama ina jina lake, haruhusiwi kuiuza wala kuiweka rehani bila ridhaa yako. Kama ina hati unaweza kuweka zuio kwa msajili wa hati, ofisi ya ardhi ipo hapahapa Dodoma. Kama haijapimwa, andika barua kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji, wajue kuwa ni nyumba ya ndoa, maana hao ndo wanaoitwa kushuhudia mauziano, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

---

mzee_mpwapwa

Binti yangu, mimi ni baba wa mabinti watatu na nina miaka 67. Naandikiwa na mjukuu ila maneno ni yangu.

Wa kwanza wangu aliolewa kwa ng'ombe 15 na mbuzi. Alirudi nyumbani mara tatu. Mara ya kwanza nilimsindikiza mwenyewe kwa mguu kumrudisha, njiani tukapumzika chini ya mbuyu akaniomba maji, nikampa, akanywa upande mmoja wa mdomo maana huku kulikuwa kumevimba. Nikaona. Nikaendelea kutembea naye. Nilikuwa nahesabu ng'ombe kichwani, watano nimeuza, wanne wamekufa ukame, wengine kwa mdogo wangu.

Yuko hai, namshukuru Mungu, sikio la kushoto halisikii tena. Talaka alipata mahakamani, na ng'ombe hakuna aliyekuja kuwadai mpaka leo. Nilikuwa namrudisha mwanangu kwa ajili ya deni ambalo halikuwepo.

Nimekuandikia wewe lakini nataka baba yako asome. Msomee. Mwambie kuna mzee wa Mpwapwa anamsalimia, mwenzake wa kupokea mahari.

---

asha_kdo

Samahani naingilia. Mimi niko Kondoa, hatujafunga ndoa, tumeishi pamoja miaka 6, tuna mtoto mmoja, na kila mtu mtaani ananiita mke wake. Yeye akikasirika anasema wewe nimekuokota tu huna haki yoyote toka na nguo zako. Mimi nina haki kweli au ndo hivyo? Na rafiki yangu ni Muislamu ameolewa, mume ameshamwambia nakuacha mara tatu kwa mdomo, je hiyo ni talaka tayari au na yeye apite huko barazani?

---

msaidizi_chamwino

Asha haki unayo. Mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka 2 au zaidi na watu wakawatambua kama mume na mke, sheria inawadhania kuwa wameoana. Yeye anaweza kupinga, alete ushahidi kwamba hamkuoana kweli, ila hata akifanikiwa kupinga bado unaweza kuomba matunzo yako na ya mtoto, na mahakama inaweza kuamua kuhusu malezi na nafuu nyingine, mradi uthibitishe mliishi kama mke na mume hiyo miaka. Kwa hiyo tafuta vitu vinavyoonyesha mliishi hivyo, kadi ya kliniki yenye jina lake, picha za misiba na harusi mlizoenda pamoja, mwenye nyumba aliyewapangisha, mjumbe. Na mtoto ana haki zake mwenyewe kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, baba anamtunza uwe uliolewa au hukuolewa.

Rafiki yako ndiyo, na yeye apite barazani, BAKWATA watampokea. Baraza likishathibitisha limeshindwa kuwapatanisha, halafu baada ya hapo talaka ya Kiislamu ikatolewa, mahakama inaitambua kuwa ndoa imevunjika. Asikae tu na maneno ya mdomo, kesho mume atasema sijawahi kusema na yeye hana karatasi, na mgawanyo wa mali hauwezi kwenda bila mahakama.

---

ustawi_mstaafu

Nilifanya kazi ustawi wa jamii miaka mingi kabla ya kustaafu. Yamesemwa mazuri kuhusu mali, mimi niongelee watoto kidogo na usalama.

Huyu wa miaka 4, sheria inaanza na dhana kwamba mtoto chini ya miaka 7 ni vema akae na mama yake. Ni dhana, inaweza kupingwa, ila ndo pa kuanzia. Wa miaka 8 hakimu anaweza kumsikiliza mwenyewe anataka nini, na mara nyingi anaomba ripoti ya afisa ustawi. Afisa akija kwako usipange maneno, usimfundishe mtoto la kusema, watoto wanasema kama walivyofundishwa na inaonekana. Mwache aseme la mwiko mwenyewe. Na kinachoamua ni ustawi wa mtoto, sio nani ana hela nyingi, hela yake itakuja kama matunzo.

Usalama sasa. Mama, siku mwanamume anapopokea wito wa mahakama ndo siku ya hatari. Nimeona hivyo mara nyingi na ndo maana nasema kwa nguvu. Usiwe ndani ya nyumba hiyo siku hiyo ukiwa peke yako. Kabla hujafungua chochote toa vyeti nyumbani: cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki, PF3, kitambulisho cha taifa, daftari la zabibu. Weka kwa mtu ambaye sio ndugu yake. Mama mmoja niliyemhudumia aliweka za kwake kwenye mfuko wa nailoni ndani ya debe la unga wa uwele, mume hakuwahi kuchota unga maisha yake yote.

Akikupiga tena hata ukiwa katikati ya kesi ya madai, nenda dawati la jinsia ufungue, na hospitali utibiwe, piga picha ya jeraha siku hiyo na baada ya siku mbili likishakuwa jeusi. Njia ya madai haikufungi mlango wa jinai, zote mbili zinaweza kwenda pamoja. Najua umesema hutaki afungwe na uamuzi ni wako, ila kama ameshika panga au amekukaba shingo, usihesabu ada. Mtoto akiwa hatarini 116 ni bure kupiga.

Na hizo jumbe futa kwenye simu ya jirani ukimaliza kusoma.

---

mama_kongwa

Naongezea msaada wa bure maana mimi nilidhani ni wa watu wa mjini. Kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, wasaidizi wa kisheria hawaruhusiwi kukutoza hela, mtu akikwambia lete elfu hamsini ya fomu ondoka. Hawasimami mahakamani badala yako ila wanakuandalia maelezo na wanakuelekeza. Uliza ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri watakwambia waliopo kata yako. TAWLA wanawake mawakili nao wanasaidia kesi kama hizi. Na kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia ilizinduliwa hapahapa Dodoma 2023, wakija eneo lenu nenda na karatasi zako usiende kusikiliza hotuba tu.

Mimi aliyenisaidia aliniambia andika kila kitu kwa tarehe. Nilikuwa sikumbuki tarehe, nikawa nakumbuka kwa mambo, alinipiga wiki ya Pasaka, alinipiga siku tuliyovuna alizeti, alinipiga mtoto akiwa na surua. Akaniambia hiyohiyo andika. Ilifika kurasa tatu. Nilikuwa sijawahi kuyaona yote yamekaa pamoja.

---

mama_wawili_nkh

Nimerudi. Nimesoma yote mara mbili, jirani yangu alikuwa ananisomea mengine mimi nikiwa naosha vyombo vyake ili nisionekane nimekaa tu.

PF3 nakala ninayo. Vyeti nimetoa, na debe la unga nimelitumia jamani, asante mama. Daftari la zabibu limeandikwa kwa mkono wangu toka 2018, kila kilo, kila mnunuzi, jina lake halipo hata mara moja, sikuwahi kuliangalia kama kitu cha maana. Jirani wa shamba amekubali kuwa shahidi, amesema yeye hana la kuogopa.

Nimeamua naanza na kutengana na matunzo kwanza, na ile amri ya asinisumbue, talaka nitaangalia mbele. @msaidizi_chamwino je kwa kutengana pia nipite barazani? Maana karani niliyemuuliza alisema lazima.

---

msaidizi_chamwino

Sharti la baraza kwenye sheria limewekwa kwa talaka. Kutengana na matunzo halijatajwa. Ila makarani wengi wanadai hivyo kwa mazoea, kwa hiyo una njia mbili, umwombe kwa heshima akupeleke kwa hakimu mfawidhi ulieleze, au upite tu barazani uipate Fomu namba 3 uwe nayo, ikija siku ukataka talaka ndani ya miezi 6 hurudi nyuma. Mimi kwa hali yako ya hatari ningeenda kwa hakimu mfawidhi kwanza, hiyo amri usiicheleweshe kwa wiki za barazani. Nakufuata inbox nikuandalie maelezo.

---

mama_wawili_nkh

Asanteni. Nimefungua leo asubuhi, hakimu alinisikiliza na shauri limepokelewa, nina namba na tarehe ya kutajwa. Watoto wako kwa jirani na mimi nalala kwa mama mdogo mpaka wito umfikie.

Mzee wa Mpwapwa, nilienda Mvumi jumamosi nikamsomea baba maneno yako. Alinyamaza, akauliza huyo binti ni sikio gani, nikamwambia la kushoto. Hakusema kitu tena jioni yote. Leo saa mbili kasoro nafika mahakamani namkuta ameshakaa kwenye benchi la nje, kofia iko mapajani, amekuja na gari la usiku na hakuniambia. Amekaa pale mpaka nimeitwa, na nilivyotoka akanishika begi.